Sihaba wa Maziwa na Sheria ya Kuchemsha

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sihaba binti Kitwana hakungoja kusifiwa. Alitia maji kwanza, sifa zikaja baadaye, na watu wa mtaa wa Dunda wakanywa hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi. Bagamoyo nzima ilikuwa ikisema waziwazi, hata mbele ya uso wake, kwamba maziwa ya Sihaba hayatoki nyumbani bila udhu. Mwenyewe akisikia alikuwa akicheka mpaka kanga inamteremka begani, kisha anajibu kwamba afadhali maziwa yenye udhu kuliko waswalihina wasio nao. Akisha kusema hivyo humtazama mtu mmoja katika waliosimama kununua, bila kusema ni kwa nini, na wote wanaanza kujishuku.

Alizaliwa Mapinga, Mkwere wa baba na mama, katika nyumba ya wakulima wa muhogo ambao ng'ombe walimjua kwa kumsikia. Alipofika umri wa kuolewa akaposwa na Bwanaheri, mtu wa mjini, wa ukoo wa kujidai, mwenye nyumba ya mawe ambayo mawe yalikuwa yamebaki lakini nyumba ilikwisha kuondoka. Mawifi walimpokea kwa pua juu. Walimwita mshamba, wakamfundisha kupika biriani ambayo wao wenyewe hawakuwa na mchele wa kuipikia. Bwanaheri alikuwa mpole, mvivu, na mwenye minazi ya kurithi, na chini ya minazi hiyo walizurura ng'ombe wachache ambao alikuwa akiwasahau wiki nzima.

Bwanaheri alipofariki, ndugu zake waligawana minazi kwa viapo, kila mmoja akiushika msahafu kwa nguvu kuliko mwenzake. Ng'ombe hakuna aliyewataka. Ng'ombe anakunya, ng'ombe anataka kuchungwa, na mtu wa ukoo bora hawezi kuonekana na fimbo mkononi akifuata matako ya mnyama. Sihaba akawachukua. Aliolewa mara mbili zaidi baada ya hapo, na waume wote wawili wakaenda zao, mmoja kwa talaka na mwingine kwa kusahau njia ya kurudia. Alipoulizwa kama hana uchungu alisema mume leo yupo kesho hayupo, lakini ng'ombe hata akikukasirikia jioni anarudi zizini.

Msidhani alikuwa tapeli mtupu. Sihaba alikuwa na mtindi. Maziwa mabichi aliyamimina kwenye vibuyu alivyovifukiza kwa ubani, akaviziba kwa gunzi la hindi, akaviacha pembeni mwa kitanda chake kama watoto waliolala. Vilipofunguliwa, mtindi ulitoka mzito na mweupe, na harufu ya ubani kwa mbali, na mtu akiumwagia juu ya wali wa moto alikuwa anasahau ugomvi wake na sala yake ya alasiri pia. Kwenye mtindi hakutia maji. Kwenye maziwa ya watoto wachanga hakutia pia, na mama mwenye mtoto akija alipewa ya chombo cha pembeni, safi, kama yalivyotoka kiweleni. Hizo zilikuwa nguzo zake mbili, na mwanadamu anayezishika nguzo mbili kweli kweli ana nafuu kuliko wengi niliowaona wakijisifu kwa tano.

Basi katika ile miaka iliyofuata Azimio, wakati kila kitu nchini kilikuwa kikifanywa upya, mashamba, mabenki na hata namna ya kuvaa kaptula, ikafika zamu ya maziwa. Ilisemekana sheria ya zamani, ya Mwingereza, ilikuwepo siku zote, ila ilikuwa ikiyalinda matumbo ya Wazungu peke yake, na matumbo ya Dunda yalijilinda yenyewe kwa ukaidi. Sasa sheria mpya ilikuwa ya matumbo yote. Akaletwa pia bwana afya mpya wa kuisimamia, kijana mrefu aitwaye Mihambo, mwenye soksi zilizovutwa mpaka magotini na kofia ngumu ya kaki. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Mwinyimvua, akawaita watu kiwanjani karibu na soko ili waisikie.

Mihambo alieleza vizuri, na hilo ndilo lililomponza. Kuanzia mwezi ule mtu yeyote asiuze maziwa mabichi. Yachemshwe kwanza, na kama hayakuchemshwa yapashwe moto wa kadiri kwa muda wa kutosha, kisha yapozwe na kufunikwa. Yauzwe katika chombo cha bati au cha aluminiamu chenye mfuniko, siyo kwenye vibuyu wala mitungi. Yasitiwe maji. Muuzaji awe na leseni, na leseni haitolewi mpaka bwana afya aridhike.

"Ndani ya maziwa mabichi mna vijidudu," alisema. "Havionekani kwa macho. Vinaleta kuhara, vinaleta kifua kikuu, vinaleta homa zisizokwisha."

Mwinshehe muuza kahawa, ambaye hajapata kuhudhuria mkutano akanyamaza, akanyanyua mkono. "Bwana afya, kama havionekani, wewe umeviona wapi?"

"Vinaonekana kwa chombo maalumu, mzee wangu."

"Basi kilete hicho chombo, nasi tuvione. Haiwezekani tuchukie watu ambao hatujajuana nao."

Watu wakacheka. Mihambo hakucheka. Alikuwa mtu makini, alisoma, na alikuwa ameona watoto wakifa kwa kuhara kule alikotoka kabla ya kuja pwani. Huenda mkutano ungemalizika kwa heshima kama Sihaba hangesimama, akajifunga kanga sawasawa na kumwuliza swali lisilokuwa na uhusiano wowote na maziwa.

"Mwanangu, kwenu wapi?"

"Tabora, mama."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

Sihaba akawageukia watu na uso wa mtu aliyeokota dhahabu njiani. Inafaa nieleze, kwa ajili ya wale waliolelewa na redio, kwamba Mkwere na Mnyamwezi ni watani. Utani huo ni wa tangu siku za misafara, wapagazi wa bara walipokuwa wakifika Bagamoyo na pembe mabegani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, kuchukua kuku wako, kuizuia maiti yenu isizikwe mpaka apewe chochote, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo wako, na watu watakuuliza kama umeingiwa na pepo.

"Mmesikia wenyewe," Sihaba akasema. "Babu yake alikuja hapa kwa miguu na jino la tembo begani, hajui sabuni ni mnyama au mti, tukamwogesha sisi. Leo mjukuu amerudi kutufundisha usafi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mihambo alitazama karatasi zake, akatazama watu, na mle ndani ya kofia ya serikali akaamka Mnyamwezi. Akavua kofia.

"Ni kweli babu alifika hapa mchafu," alisema taratibu. "Aliporudi nyumbani alikuwa mchafu zaidi. Bibi alipomwuliza, akasema alipitia kwa Wakwere, wakamwogesha kwa maji yao."

Wazee walilala chini kwa kucheka. Mzee Mwinyimvua alikohoa mpaka akapewa maji. Sihaba mwenyewe alipiga magoti na kushika mbavu, akasema huyu kijana ameletwa na Mungu. Hapo hapo, katika kicheko hicho, kosa likafanyika, na walilifanya watu wazima wenye akili zao. Walirudi majumbani wakiamini kwamba habari ya kuchemsha maziwa ilikuwa sehemu ya utani.

Wiki iliyofuata Mihambo alifika barazani kwa Sihaba na baiskeli yake na kijiti cha kioo cha kupimia maziwa. Akakitumbukiza kwenye ndoo. Kioo kilizama chini kama kimeingia kisimani.

"Mkwere," alisema, "huyu ng'ombe wako anakula nyasi au anakula mvua?"

"Anakula mvua, Mnyamwezi. Kwenu hainyeshi, ndiyo maana huijui."

Mihambo akacheka, kwa sababu ilikuwa lazima acheke, kisha akainamisha ndoo na kumwaga maziwa yote mchangani, kwa sababu hilo nalo lilikuwa lazima. Watu waliokuwepo walipiga makofi. Mtani ameharibu mali ya mtani, safi kabisa, sasa zamu ya mwenziwe. Sihaba akamnyang'anya kofia ya serikali, akaivaa juu ya ushungi, akazunguka nayo soko zima akikagua mapapai na kuwauliza wauza samaki kama pweza wao wamechemshwa. Kwa siku kadhaa kofia ile ilikaa juu ya banda la kuku. Kwa desturi mali iliyotwaliwa na mtani hukombolewa kwa kitu, siyo kwa kulalamika ofisini, na Mihambo akaikomboa kwa mche wa sabuni ya kufulia. Sihaba aliupokea, akaunusa, akasema atauhifadhi mpaka Wanyamwezi wengine watakapokuja.

Hebu fikiri mwenyewe hali ya yule kijana. Akikasirika, hana adabu, na Dunda nzima itamfungia milango. Akicheka, sheria imekufa. Kila alipomwaga maziwa alishangiliwa, na kila aliposhangiliwa yaliuzwa zaidi. Wauzaji wengine, ambao hata Ukwere hawana, wakajifanya Wakwere kwa muda. Ikabidi Mzee Mwinyimvua aitishe baraza dogo kuamua kama bwana afya huja kama serikali au kama mtani. Mwalimu Alawi wa chuo cha Kurani, ambaye alipenda kutoa hukumu kuliko alivyopenda kufundisha, akasema jambo ni jepesi: akija na karatasi mkononi ni serikali, akija mikono mitupu ni mtani. Kila mtu aliridhika. Tangu siku hiyo Mihambo akionekana na karatasi, maziwa yote yalikuwa yamechemshwa tangu alfajiri, na akionekana bila karatasi alipewa kiti.

Lakini Sihaba alikuwa na hofu iliyojificha chini ya dhihaka zote hizo, na hofu hiyo haikuwa ya leseni. Aliwahi kuijaribu sheria kwa siri. Alichemsha maziwa mpaka yakafura, akayapoza, akayatia kwenye kibuyu chake kizuri kuliko vyote, akakifukiza vile vile na kukiziba vile vile. Alipokifungua, hapakuwa na mtindi. Palikuwa na maji machungu yenye kunuka, na matonge kama ya sabuni. Akajaribu tena, yakawa yale yale. Alikaa kitandani na kibuyu mapajani akaogopa kweli. Maji ya kwenye maziwa angeweza kuyaacha, kwa shingo upande. Mtindi je? Bila mtindi, yeye ni nani pale Dunda? Atarudi kuwa mshamba wa Mapinga, mjane mwenye ng'ombe wachache, na mawifi watapata pa kuanzia. Ndipo akajiaminisha kwamba maziwa yaliyochemshwa ni maiti, na sheria mpya ni sheria ya kuua, na akaanza kumwambia hivyo kila aliyekuja kununua.

Katika waliokuja kununua alikuwemo Kalunde, mke wa Mihambo.

Kalunde alikuwa mwanamke mkimya, Mnyamwezi kama mumewe, mgeni wa pwani, na mwanawe wa kwanza, Kabula, alikuwa bado hajatembea. Ziwa lilimkauka mapema kwa homa, mtoto akalia usiku na mchana, na majirani wakamwambia amwendee Sihaba. Alikwenda akiwa na aibu, kwa sababu alijua mumewe anamwaga maziwa ya nyumba ile. Sihaba alimpokea kama binti yake, akampa maziwa ya chombo cha pembeni, na bei akaikataa. Alisema mtoto wa mtani hauziwi.

"Ila usiyachemshe, mwanangu," akamwambia. "Mumeo anasema hivyo kwa ajili ya serikali. Ukiyachemsha unayaua, na mtoto atashiba maiti."

"Mwenyewe ananiambia nichemshe ya nyumbani yote," alisema Kalunde.

"Wanaume wanajua nini habari ya mtoto? Mwangalie, uso wake unataka kitu kilicho hai."

Kalunde akatii. Mtoto akanenepa, akawa na mashavu, na Sihaba akawa anamrusha juu barazani na kumwita mpagazi wangu. Mihambo aliona mashavu ya mwanawe akamshukuru Mungu, wala hakuuliza yametoka wapi.

Ukaja ukame. Minazi ikadondosha makuti, nyasi zikawa ufagio, na ng'ombe wakatoa maziwa ya kulowesha ulimi tu. Kisima cha jirani kikakauka, watu wakawa wanachota kwenye kisima cha bondeni ambako ng'ombe nao walikuwa wakinywa na kufanya mengine. Asubuhi moja Kalunde alikuja na kikopo chake, na chombo cha pembeni kilikuwa na maziwa kidogo mno. Sihaba aliona aibu kumrudisha mtoto wa mtani na kikopo kitupu. Akaingia ndani, akachovya kata kwenye mtungi, akajazia. Kata moja. Alijiambia Mungu anaona ni kwa huruma.

Siku zilizofuata Kabula alihara, akatapika, akahara tena mpaka macho yakaingia ndani na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imefinywa. Wakamkimbiza hospitali. Habari ilimfikia Sihaba akiwa anamtania Mwinshehe kuhusu kahawa yake. Aliacha sentensi katikati. Alijua, hakuhitaji kijiti cha kioo. Alikaa barazani na kujaribu kila hoja aliyokuwa nayo: watoto wengi wanahara wakati wa ukame, huenda ni meno, huenda ni jicho la mtu. Hoja zote zilikuwa nzuri, na hakuna hata moja iliyomruhusu kuinuka na kupika chakula cha mchana. Akajifunga kanga akaenda hospitali.

Mihambo alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, bila kofia. Sihaba alisimama mbele yake, na kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuanza maneno na mtu yule, akaanza na ya kila siku.

"Mnyamwezi, mbona umekaa kama mzigo uliokimbiwa na mpagazi?"

Mihambo alikuwa akiutazama mlango wa wodi.

"Ni maziwa yangu," alisema Sihaba. "Mkeo alikuwa anachukua kwangu. Mimi nilimkataza asichemshe. Na ile siku ya mwisho yalikuwa machache, nikatia maji ya bondeni. Kata moja."

Mihambo akamgeukia. "Ulijua ni ya mtoto?"

"Nilijua."

Sihaba alimwona anafungua mdomo, akatamani atukanwe. Akatamani tusi kubwa, la ukoo mzima, la kutoka Tabora mpaka baharini. Mihambo alisema tu, "Nenda nyumbani, mama."

Tangu siku ile ya mkutano hakuwa amemwita mama. Sihaba alirudi kwa miguu akipita katikati ya watu bila kuwaona, na alipofika nyumbani akalia kwa sauti, mpaka majirani wakadhani mtoto amekufa.

Mtoto hakufa. Alitundikiwa maji, akakaa hospitali, akatoka akiwa mwembamba kama ufito, kisha taratibu mashavu yakarudi, safari hii bila msaada wa Sihaba. Mihambo naye akarudi kazini. Watu walingoja kuona kama atampeleka Sihaba mahakamani, na wengine, tuseme kweli, walikuwa wameshachagua nguo za kuvaa siku ya kesi. Hakumpeleka. Alikuja barazani na karatasi mkononi, akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, Bi Sihaba."

"Marahaba," akajibu.

Akamsomea sheria yote, tangu kuchemsha mpaka mfuniko, akamwambia asiuze chochote mpaka atimize. Hakuongeza neno. Hakumwaga kitu. Alipoondoka, Mwinshehe alisema bora angemfunga jela.

Sihaba alitimiza. Alinunua chombo cha aluminiamu chenye mfuniko, akamlipa mtu wa kumletea maji ya bomba ya kuoshea, akayachemsha maziwa kila asubuhi akisimama kando ya jiko kama mlinzi wa gereza. Mchezo wa maji ukaisha kabisa. Wateja wa zamani walilalamika kwamba maziwa yamekuwa mazito, yanawasumbua tumbo. Mtindi nao ukapata njia, na njia yenyewe ilikuwa karibu muda wote: mke wa Mhindi wa duka la kanga alikuwa akichemsha maziwa yake tangu enzi, anayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, anatia kijiko cha mtindi wa jana, basi. Hakuna aliyewahi kumwuliza kabla ya Sihaba, kwa sababu watu wa Dunda walikuwa wanajua kila kitu. Mtindi mpya wa Sihaba ulikuwa mzuri, ingawa harufu ya ubani ilipungua, na baadhi ya wazee wakasema si ule. Ila waliula.

Leseni akapewa. Kila mwaka Mihambo alikuja kukagua, akapima, akaona sawa, akatia sahihi. Kila mwaka alisema, "Shikamoo, Bi Sihaba." Yeye alijaribu. Alimwambia soksi zake zimeliwa na panya wa Tabora. Alimwambia ananenepa, Wakwere wamemnenepesha, arudishe nyama yao. Mihambo alitabasamu kama mtu anayetabasamu msikitini, akasema asante, mama, kwaheri, mama. Watu wengine wote wa Dunda walimtania na yeye akawajibu. Sihaba peke yake ndiye aliyepewa heshima, na hakuna kitu kilichomzeesha kama heshima ile. Kabula alikuwa akipita barabarani na watoto wenziwe, anakimbia, na Sihaba humwangalia mpaka anapinda kona. Hakumwita. Hakujiona na haki ya kumwita.

Kisha Mihambo akahamishiwa kwao Tabora. Siku ya kuondoka lori lilisimama mbele ya nyumba, vitanda juu, kuku ndani ya tenga, na Dunda nzima imekuja kuaga, maana wengine hawakosi kuaga hata mtu wasiyemjua. Sihaba alifika na chombo cha aluminiamu mikononi, kizito, kimefunikwa. Aliyachemsha mwenyewe alfajiri. Alijua huenda yakakataliwa, akajiandaa kwa hilo njia nzima, lakini alipolikaribia lori miguu ikataka kurudi.

"Ya njiani," alimwambia Mihambo. "Mpaka Chalinze mtakuwa na njaa."

"Tunashukuru sana, mama," alisema Mihambo. "Tumeshakula. Usijisumbue."

Alisema kwa upole, na kwa upole huo huo alikuwa anakirudisha chombo. Sihaba akakubali kwa kichwa. Kabla mikono yake haijakipokea, Kalunde akashuka kutoka kiti cha mbele. Tangu aje Bagamoyo hakuna aliyewahi kumsikia akitoa neno la utani. Watu walidhani alizaliwa bila nalo. Akakichukua chombo kwa mumewe, akafungua mfuniko, akainusa harufu. Akatafuta kikombe cha bati katika kikapu chake, akamimina, akamwita Kabula. Mtoto alikuja mbio, akashika kikombe kwa mikono miwili na kunywa mpaka chini, mbele ya wote, wakati Sihaba amesimama akimwangalia.

Kalunde akamfuta mtoto mdomo kwa pindo la kanga. Kisha akamtazama yule mwanamke mzee kuanzia juu mpaka chini.

"Mkwere," alisema, "mbona leo umesahau kutia maji?"

Mihambo aligeukia upande wa lori na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Watu walimgeukia Sihaba kungoja jibu, maana jibu lake lilikuwa linajulikana kuwa tayari siku zote. Sihaba akakaa chini pale pale barabarani, kwenye vumbi, kanga usoni. Kalunde akapanda lorini na chombo chake cha maziwa, akakiweka mapajani, na wakaenda zao.